Mhusika Asiyekumbuka: Kisa cha Jioni Moja na Kisa cha Mfululizo

Michezo ya kuigiza ya televisheni hugawika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni la mchezo ambao kila jioni huleta kisa kipya, kikaanza, kikatatizika na kikatatuliwa kabla ya taarifa ya habari. Wiki ya pili wahusika ni wale wale na nyumba ni ile ile, lakini hakuna atakayeulizwa yaliyopita. Fungu la pili ni la tamthilia ya mfululizo, ambayo kila sehemu yake huanzia pale ilipoishia iliyotangulia, na huishia pale ambapo mtazamaji hakutaka iishie. Aghalabu tofauti hii huelezwa kuwa ni ya ufundi tu, yaani namna ya kusuka matukio na kupanga taharuki. Chini ya ufundi huo, hata hivyo, limelala suala zito zaidi, nalo ni kumbukumbu. Katika kisa cha jioni moja mhusika hakumbuki. Katika mfululizo mhusika hawezi kusahau hata angependa. Kila namna ina jicho lake la kumtazamia binadamu, na jamii inayotazamwa kwa jicho moja tu haionekani yote.

Waswahili hawakungoja televisheni iwafundishe namna hizi mbili. Abunuwasi ni mhusika wa kisa kimoja: hekaya inapokwisha amekwisha kumshinda tajiri au sultani, na hekaya inayofuata humkuta fukara vile vile, mjanja vile vile, kana kwamba ushindi wa jana haukumwongezea kitu. Alfu Lela u Lela, kwa upande wa pili, imejengwa juu ya hadithi isiyoruhusiwa kwisha, kwa sababu kwisha kwake ni kifo cha msimuliaji. Katika riwaya ya Zanzibar, Muhammed Said Abdulla alimuumba Bwana Msa, akamtoa mara ya kwanza katika Mzimu wa Watu wa Kale na kumrudisha katika vitabu kadhaa vilivyofuata. Kila kitabu kina fumbo lake na ufumbuzi wake, na Bwana Msa huondoka na kiko chake kama alivyokuja. Kwa upande wa Bara, magazeti ya miaka ya 2000 yalimzoesha msomaji riwaya za Eric Shigongo zilizokatwa vipande, kila toleo likimwacha shujaa ukingoni mwa shimo. Basi televisheni ilikuta uwanja uliokwisha kulimwa.

Redio ndiyo iliyotangulia kuutumia uwanja huo. Pwagu na Pwaguzi, mchezo wa Radio Tanzania uliopata jina lake kutokana na methali, ulikuwa mchezo wa visa: wajanja wawili, hila moja kwa kila kipindi, na mwisho wenye fedheha. Nchini Kenya, Vitimbi na Vioja Mahakamani vilionyeshwa kwenye televisheni kwa mtindo huo huo. Umbo la Vioja Mahakamani ni la kisa kimoja kwa ukamilifu wake wote: mshtakiwa huletwa, mashahidi huchekesha, hakimu hutoa hukumu, na mlango hufungwa. Huku visiwani televisheni ilianza mwaka 1973, na Tanzania Bara ikangoja hadi 1994. Vituo vya Bara vilipoanza kutafuta michezo ya nyumbani, vichekesho vya visa vifupi vilikuwa miongoni mwa vilivyopendwa kupita kiasi. Kundi la Ze Comedy, lililovuma kupitia EATV na baadaye kuhamia TBC kwa jina la Orijino Komedi, halikuhitaji hata kisa kizima. Dakika chache za Joti au Mpoki zilitosha.

Si haki kuidharau namna hii. Kisa kinachokwisha jioni ile ile kina adabu yake: hakimdai mtazamaji kitu ambacho hakukopeshwa. Mgeni akiingia nyumbani katikati ya wiki hukaa na wenyeji akacheka nao, bila ya kuelezwa nani ni mtoto wa nani. Kisa hicho humlazimisha mwandishi kumaliza alichoanza, na kumaliza ni kazi ngumu kuliko kuahirisha. Hukumu ya Vioja Mahakamani, hata ikiwa ya kuchekesha, ni hukumu. Mwandishi hawezi kusema atatafuta mwisho wiki ijayo. Wengi walioandika mifululizo mirefu wangefaidika kama wangeanza kwa kufundishwa nidhamu hiyo.

Zaidi ya hayo, kisa cha jioni moja kilimfaa mtazamaji wa mahali kama Same. Mji huo umekaa kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, upande mkavu wa Milima ya Upare, na nyuma yake milima inapanda hadi kilele cha Shengena katika msitu wa Chome, kiasi cha mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Miji ya barabarani, Hedaru, Makanya na Same yenyewe, ilitangulia kupata umeme. Vijiji vingi vya juu vilikuja nyuma, na katika miaka ya mwanzo televisheni ya kijijini ilikuwa ni seti moja inayoendeshwa kwa jenereta au betri ya gari, ikitazamwa na nyumba nyingi. Umeme nao haukuwa wa kutegemewa. Ukame ulioleta mgao wa mwaka 2006 ulizima taa nchi nzima, na wakazi wa Upare walikuwa na njia yao ya kuufahamu mgao huo, maana bwawa la Nyumba ya Mungu, linaloyahifadhi maji ya mto Pangani kwa ajili ya mitambo ya chini, limo magharibi ya milima yao wenyewe. Mtazamaji wa namna hiyo hutazama leo, kesho akakosa, keshokutwa akapata nusu. Kumwandikia mfululizo usiosamehe aliyekosa sehemu moja ni kumfungia mlango. Kisa kimoja kilimsamehe.

Hata hivyo msamaha huo una bei yake, na bei hiyo Mpare ameilipa kuliko wengi. Katika utani wa makabila ya Tanzania, Mpare amepewa sifa mbili: ubahili, na kupenda kesi. Husemwa kwamba yuko radhi auze ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Utani wenyewe, unapotaniwa kati ya mtani na mtani wake, hauna ubaya. Una mipaka, una majibu, na hupoza machungu misibani. Jambo hubadilika utani huo unapopanda kwenye kichekesho. Mtani wa kweli hujibiwa na mtani mwenziwe, ilhali mhusika wa kichekesho hana wa kumjibia. Huingia akiwa bahili, hudaiwa, hukataa kutoa, huenda mahakamani kwa jambo dogo, hushindwa, hutoka. Wiki ya pili huingia akiwa bahili.

Hapa ndipo umbo linapogeuka maudhui. Mwandishi wa kichekesho hicho hana chuki na Wapare. Huenda hata ni Mpare mwenyewe. Umbo alilolichagua ndilo linalomwamuru. Mhusika wa kisa kimoja hana budi kurudi alivyokuwa, kwani akibadilika leo mchezo wa wiki ijayo hautakuwa na pa kuanzia. Akijifunza ukarimu amejifukuza kazini. Kwa hiyo tabia yake si matokeo ya maisha aliyoyaishi. Ni kama vazi analolikuta msumarini kila jioni. Na vazi likivaliwa kwa miaka mingi watazamaji husahau kwamba ni vazi. Hayo hayo yamempata Mchaga wa kichekesho apendaye fedha, na Mzanzibari wa kichekesho cha Bara, ambaye kazi yake ni kusema kwa lafudhi na kuipenda urojo. Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kwenda Upare ili walijue jeraha hili.

Lakini kuna hadithi nyingine ya Wapare na kesi, nayo ilitendeka Same kwenyewe. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya yao, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Kodi hiyo ilikuwa ya kumkadiria kila mtu kwa kadiri ya mali yake, na jina lake lilitolewa katika desturi za Kipare ili ionekane si ngeni. Watu hawakuikubali hoja hiyo. Hawakuchoma ofisi, wala hawakurudi nyumbani jioni, walikaa. Walikaa miezi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaingia katika mgogoro huo, na mwishowe serikali ya kikoloni ikaifuta kodi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeiandika historia ya Wapare kwa marefu, alilitolea tukio hili kitabu mwaka 1971.

Weka hadithi hizi mbili pamoja. Ile inayomwonyesha Mpare akiuza ng'ombe kwa ajili ya kuku ni hadithi ya mtu asiyejua thamani ya vitu. Ile ya Mbiru ni ya watu waliojua kwamba jambo dogo likiachwa lipite ndilo linaloleta kubwa, na kwamba haki hupatikana kwa kukaa. Huenda tabia ni ile ile moja. Linalotofautiana ni urefu wa muda ambao msimulizi yuko tayari kuitazama. Ukiitazama kwa dakika 20 utaona ukaidi wa kuchekesha. Ukiitazama kwa miezi utaona uvumilivu. Kichekesho cha kisa kimoja hakiwezi kuisimulia Mbiru hata kikitaka, kwani ndani yake siku ya pili watu wote wangekuwa wamekwisha kurudi majumbani, wamesahau kilichowateremsha mlimani. Mbiru yataka mfululizo: yataka mtu aliyekuwa na hakika siku ya kwanza, akawa na shaka siku ya 40, na aliyemcheka jirani yake mwanzoni akaja kukaa kando yake.

Mfululizo umekwisha kuonyesha nguvu zake nchini Tanzania, na ulizionyesha kwanza redioni. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati, mchezo uliotayarishwa kwa msaada wa shirika la Population Communications International la New York, kwa njia iliyobuniwa nchini Mexico na Miguel Sabido katika miaka ya 1970. Sabido alikuwa ametambua kwamba tamthilia ya mfululizo inaweza kufundisha bila ya kuhubiri, iwapo itakuwa na wahusika wa aina tatu: mwema wa kuigwa, mbaya wa kuogopwa, na yule aliye katikati, anayevutwa huku na huku, na ambaye taratibu hubadilika. Mbaya wa Twende na Wakati alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake katika vituo vya safari yake. Tunu, mkewe, ndiye aliyekuwa katikati. Alivumilia, akachoka, akajitafutia biashara ndogo na akamwacha. Mkwaju alikufa kwa UKIMWI.

Watafiti walitaka kujua kama mchezo huo ulibadilisha lolote katika maisha ya wasikilizaji. Kwa hiyo kwa miaka miwili eneo la mitambo ya Dodoma liliachwa bila ya mchezo huo, likipigiwa vipindi vingine, ili lilinganishwe na sehemu nyingine za nchi. Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kwamba mahali mchezo uliposikika watu walizungumza na kutenda tofauti juu ya uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Takwimu zina wajuzi wake; la muhimu kwa mhakiki ni kwamba jambo hili lisingewezekana kwa kisa cha jioni moja. Mkwaju wa kisa kimoja angekuwa kichekesho: dereva mlaghai anayefumaniwa kila Jumatatu, akatoroka kwa dirishani, na wiki ijayo akarudi barabarani mzima wa afya. Maradhi yale yalikuwa na tabia ya mfululizo: yaliingia kimya, yakakaa miaka, yakaja kudai baadaye. Umbo la hadithi lilikuwa na mwendo sawa na wa jambo lenyewe. Na kwa msikilizaji wa Makanya au Hedaru, anayeyaona malori yakisimama usiku kando ya barabara, Mkwaju hakuwa mtu wa kubuniwa tu.

Upare wenyewe una kielelezo kizuri cha kazi ya mfululizo. Katika vijiji vya milimani, kama Vudee, kijito huwa chembamba mno kiasi kwamba maji yakiachwa yatiririke mferejini mchana kutwa hunywewa na udongo kabla ya kufika shamba la mbali. Wenyeji, tangu zamani, hujenga ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji usiku. Asubuhi mlango hufunguliwa, na maji yaliyokuwa manyonge yakiwa moja moja hutoka kwa nguvu, yakafika. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamu husimamiwa. Haba na haba hujaza kibaba, wasemavyo watu wa Pwani. Mpare amejenga kibaba chenyewe. Mfululizo mzuri hufanya kazi kama ndiva. Tukio la sehemu ya tatu, dogo kiasi cha kupuuzwa, huhifadhiwa. Neno la sehemu ya saba huongezwa juu yake. Na mlango unapofunguliwa katika sehemu ya 20 mtazamaji hulia kwa jambo ambalo lingeonyeshwa jioni moja lisingemfikia.

Kwa kipimo hicho hicho mifululizo mingi imeshindwa. Ndiva isiyofunguliwa haina tofauti na ukame, na tamthilia nyingi zilizoletwa kutoka nje hazikukusudia kufunguliwa kamwe. Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoanza 1998 na kutazamwa kwa miaka kupitia ITV, ilikoma mwaka 2020 kwa sababu watangazaji wake waliamua kuikomesha. Tamthilia ya namna hiyo hukusanya siri, na siri inapokaribia kufichuka huletwa siri ya pili kuifunika ya kwanza. Taharuki hugeuka desturi, na mtazamaji hubaki akitazama kwa mazoea. Zaidi ya hayo, mhusika aliyedumu miaka mingi katika mchezo huo hufikia mahali pa ajabu: ameshaoa, akaacha, akafiwa na akafilisika mara nyingi kiasi kwamba hana budi kusahau ili aweze kuendelea. Mfululizo usio na mwisho huishia kumzaa yule yule mhusika asiyekumbuka wa kichekesho, isipokuwa huyu hachekeshi.

Michezo ya nyumbani ya miaka ya 2000 ilikuwa na tatizo la kinyume: ilikwisha kabla ya kufika. Kundi la Kaole, lililoonyesha michezo yake ITV, liliwatoa waigizaji ambao baadaye walizibeba filamu za Tanzania, wakiwamo Steven Kanumba na Vincent Kigosi, maarufu kwa jina la Ray. Tamthilia kama Jahazi na Dira zilikusanya familia mbele ya seti moja kwa sababu zilisema Kiswahili cha nyumbani na kugusa mambo ya nyumbani. Lakini malipo ya televisheni yalikuwa madogo, na soko la kanda na baadaye diski lililipa zaidi kwa hadithi inayokwisha. Nyota wakahama. Filamu ya Kitanzania iliyofuata, ya sehemu ya kwanza na ya pili zilizouzwa mbali mbali, ilirithi vibaya pande zote mbili: ilikatwa katikati kama mfululizo, lakini kilichoikata kilikuwa bei na si hadithi.

Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2012, ilikuwa jaribio la makini zaidi. Ina sehemu 26, na mhusika wake mkuu ni Cheche, mpiga picha kijana wa Bagamoyo, ambaye ndoa, tamaa na kazi vinamvuta kila upande. Kwa kuwa ilijua tangu mwanzo mahali itakapoishia, iliweza kufanya yale ambayo Isidingo haikuyaweza: kupanda jambo na kulivuna. Bagamoyo yake ni mji, si pazia la nyuma. Mtu huyajua magofu yake, ufuo wake na vichochoro vyake. Udhaifu wake ni ule wa wafadhili. Fedha zilitoka Marekani kwa ajili ya afya ya jamii, na kuna nyakati ambapo mhusika huacha kusema yaliyo moyoni mwake akasema yaliyo katika kipeperushi. Hata hivyo ni afadhali mfululizo wenye mafunzo kuliko usio na mwisho, kwa kuwa mwenye funzo analazimika kufika mahali.

Mtazamaji naye hakubaki alipokuwa. Katika vibanda vya video, ambako watafsiri kama Lufufu walizifasiri filamu za kigeni kwa sauti zao wenyewe huku zikionyeshwa, na baadaye kwa diski zilizokusanya sehemu zote mahali pamoja, Watanzania walijifunza neno sizoni. Sizoni ya Kikorea au ya Kimarekani haikungoja ratiba ya kituo, na umeme ukikatika hadithi ilimngoja mtazamaji badala ya kumkimbia. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, ikapendwa kwa sababu ugomvi wa mke na mama mkwe haukuhitaji viza. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kuifikia mikoa ya kaskazini mwaka uliofuata, kulileta ving'amuzi, na ving'amuzi vikaleta chaneli zinazohitaji mifululizo ya Kiswahili kila siku. Huba, iliyoanza mwaka 2017 katika Maisha Magic Bongo, ni mojawapo. Baada yake ikaja simu ya mkononi. Ile hoja kwamba mtu wa mlimani hawezi kufuata mfululizo kwa sababu atakosa sehemu imekwisha nguvu.

Limepatikana jambo, na limepotea jambo. Mfululizo wa zamani ulikuwa na pengo kati ya sehemu na sehemu, na pengo hilo halikuwa tupu. Ndani yake watu walibishana kisimani, dukani na kwenye baraza: je, Tunu amefanya vyema kumwacha mumewe? Je, yule kijana ataungama? Watafiti wa Twende na Wakati waliona kwamba mazungumzo hayo ya mtu na mwenziwe ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Mchezo uliwasha tu. Anayemaliza sizoni nzima kwa usiku mmoja, peke yake, mbele ya kioo cha simu, amefungua ndiva usiku wa manane. Maji yametoka kwa nguvu, lakini majirani wamelala na mashamba yao hayakunywa. Zamu ilikuwa sehemu ya umwagiliaji, na kungoja kulikuwa sehemu ya hadithi.

Kutokana na haya yote haifuati kwamba kisa cha jioni moja kitupwe na mfululizo utawazwe. Linalofuata ni kwamba kila jambo lipewe umbo linalolistahili, na kwamba waandishi wa Kiswahili wajaribu njia ya kati ambayo bado haijatumiwa ipasavyo. Mfano wake uko wazi Same. Chukua baraza la usuluhishi katika kijiji cha mlimani. Kila wiki huletwa shauri: mpaka wa shamba la tangawizi huko Mamba, mfereji uliozibwa usiku, urithi, mbuzi aliyevuka ukingo. Shauri husikilizwa na huamuliwa jioni ile ile, kama Vioja Mahakamani, na aliyekosa wiki zilizopita hatapotea. Lakini wanaoamua na wanaoamuliwa wakumbuke. Aliyeshindwa wiki ya pili ndiye shahidi wa wiki ya tano, na uso wake useme hivyo. Mzee aliyechekesha kwa ubishi wake juu ya kuku ajulikane, polepole, kuwa alikuwa mtoto mgongoni mwa mama yake wakati wa Mbiru, na kwamba ubishi huo alifundishwa na watu walioshinda kwao. Utani ubaki, watu wacheke. Ila mtaniwa apewe kinywa cha kujibia.

Mchezo wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi kuliko zinazotumika sasa kuonyesha majumba ya kukodi ya Dar es Salaam yenye ngazi za vigae na magari ya kuazima. Unahitaji mwandishi anayejua kumaliza na anayejua kuweka akiba, mambo mawili ambayo kwa kawaida hufundishwa mbali mbali. Unahitaji pia kituo kitakachokubali kwamba mtazamaji wa Same, sawa na wa Mkoani au wa Makunduchi, si mtu wa kupitishiwa muda tu. Yeye pia ana jana, na anapojiona kwenye kioo ana haki ya kumwona mtu anayeikumbuka.